Mshipi wa Kuvulia Kambare: Namna ya Kuuchagua, na Kwa Nini Hukatika

Mshipi ukikatika na kambare akaenda zake, wavuvi wengi hukimbilia kununua mshipi mnene zaidi. Mara nyingine hilo husaidia. Mara nyingi zaidi ule mpya nao hukatika vilevile, kwa sababu wa kwanza haukukatika kwa wembamba. Ulikuwa umekwaruzika, au fundo lilikazwa likiwa kavu likaungua, au breki ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, ilibanwa kupita kiasi. Kwa hiyo kabla hujachukua ndoano nyingine, vuta mshipi wote urudi na uitazame ncha iliyobaki. Hiyo ndiyo itakayokuambia ubadilishe nini.

Kuisoma ncha iliyokatika

Ishike mbele ya kitu cheusi, mwanga ukitoka pembeni, kisha pitisha kucha polepole kutoka ncha kwenda juu kwa kiasi cha mita mbili.

Ukikuta ncha ya nailoni imejiviringa viduara vidogo vidogo, mshipi haukukatika hata kidogo: fundo ndilo lililoteleza likafunguka. Kununua mshipi mwingine hapo ni kupoteza fedha. Jifunze fundo.

Ukikuta juu ya ncha kuna sehemu yenye mikwaruzo, imepauka na inakwama kwenye kucha, mshipi umesuguliwa. Sasa pima urefu wa sehemu hiyo. Ikiwa ni sentimita chache karibu na ilipokuwa ndoano, ni mdomo wa kambare mwenyewe. Ikiwa ni nusu mita au zaidi, ni mawe, magogo au makombe ya chini ya maji, na tatizo liko kwenye mahali unapovulia na urefu wa kipande chako cha mbele, yaani kile kinene kinachofungwa kati ya mshipi mkuu na ndoano.

Ncha iliyokatika sawasawa, na mshipi uliobaki juu yake ukiwa laini kabisa, imekutana na kitu chenye makali: kombe, chupa iliyovunjika, ukingo wa jiwe. Lakini ikiwa hali hii inajirudia hata unapovulia mahali pasafi, chunguza pete za fimbo. Pitisha pamba ndani ya kila pete, ukianzia ile ya kileleni; pakiwa na ufa, nyuzi za pamba zitanasa. Ufa ambao jicho halioni unatosha kuula mshipi kila unaporusha.

Na mwisho, ukikuta nailoni imenyooka, imekuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa na ina rangi ya maziwa, hiyo imevutwa hadi ikachoka. Nguvu ilizidi. Hapa tu ndipo mshipi mnene una kesi ya kusikilizwa, na hata hapa anza kwa kurekebisha breki.

Mshipi wa kusukwa huongea kidogo zaidi kwa mafumbo, maana ncha yake hufumuka kwa vyovyote. Tazama vijiuzi: vikiwa na urefu tofauti na manyoya mengi juu yake, ni msuguano, vikiwa sawa kama vilivyokatwa kwa kisu, ni makali.

Kambare anaufanyia nini mshipi

Kambare hana meno ya kukata. Ndani ya midomo yake, juu na chini, kuna ukanda mpana wa vijino vidogo vilivyosongamana, na ukivigusa kwa kidole unahisi tupa. Kila anapotikisa kichwa, tupa hiyo inapita juu ya mshipi ule ule, mahali pale pale. Ndiyo maana mshipi unaweza kuhimili dakika kumi za mapambano na kukatika ufukweni, samaki akiwa hata havuti kwa nguvu.

Silaha ya pili ni miiba. Kambare mumi, yule wa Afrika mwenye kichwa bapa, ana mwiba imara kwenye kila pezi la kifuani, wenye meno ubavuni. Jamaa zake wa mito ya Marekani wana mwingine tena mgongoni. Akivutwa, kambare hupenda kujibiringisha. Mshipi hujizungusha kichwani, ukashuka hadi kwenye mwiba, na hapo unakazwa juu ya meno hayo kwa uzito wote wa samaki.

Silaha ya tatu ni makazi. Anaishi chini, penye mizizi, magogo na mashimo ya kingo, na akinaswa anarudi alikotoka.

Kuna jambo la uzito ambalo watu wengi hulichanganya. Kambare mumi anaweza kufika urefu wa mita 1.7 na kilo 60, na mtu akisikia hivyo anafikiri anahitaji mshipi wa kuhimili kilo 60. Sivyo. Samaki ndani ya maji karibu hana uzito; maji yanambeba. Unachopambana nacho ni misukumo ya mkia wake na mkondo. Mshipi wa kilo 12 unaweza kumleta kambare wa kilo 20 hadi miguuni pako mahali palipo wazi. Utakatika ukijaribu kumnyanyua nao.

Nailoni, flurokaboni au wa kusukwa

Nailoni ya uzi mmoja ndiyo ninayompendekezea yeyote anayeanza kuvua kambare, na pia wazoefu wengi wanaovulia karibu na mawe. Huvutika kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya urefu wake kabla ya kukatika, kwa hiyo humeza mshtuko kambare anapogeuka ghafla. Uso wake mgumu unavumilia kusuguliwa. Fundo hushika vizuri. Ubaya wake ni kwamba hunyonya maji: ukilowa kwa saa kadhaa unapoteza kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya nguvu. Jua nalo huuchosha. Mshipi wa nailoni uliokaa juu ya rili dirishani kwa msimu mzima usiuamini hata kama haujawahi kugusa samaki.

Mshipi wa kusukwa hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana za plastiki aina ya polithini iliyoimarishwa. Kwa unene uleule una nguvu zaidi ya mara mbili ya nailoni, haunyonyi maji, na karibu hauvutiki kabisa. Faida yake inaonekana kwenye mto wenye mkondo mkali: mshipi mwembamba haubebwi na maji, chubwi (uzito wa kuzamishia chambo) ndogo inatosha, na unahisi kambare anapogusa chambo mita 60 kutoka ulipo. Hasara zake ni za hakika pia. Kwa kuwa hauvutiki, kila mshtuko unafika moja kwa moja kwenye fundo na kwenye ndoano. Ni mtelezi, kwa hiyo mafundo mengi ya nailoni huteleza juu yake. Na ukikazwa juu ya jiwe au kombe, hukatika upesi kuliko nailoni nene yenye nguvu ile ile kwenye lebo, kwa sababu ya wembamba wake na ulaini wa nyuzi zake.

Flurokaboni, aina nyingine ya plastiki ya uzi mmoja, huzama haraka na haionekani sana majini. Kambare anatafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu, mara nyingi usiku au kwenye maji yenye tope, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia kutoonekana. Ugumu wake wa uso unafaa kwa kipande cha mbele, lakini nailoni nene inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo.

Unene gani

Soma milimita kwanza, kilo baadaye. Mishipi ya mashindano, ile inayofuata kanuni za rekodi za IGFA (chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo), hutengenezwa ikatike chini ya kiwango kilichoandikwa. Mishipi ya kawaida hukatika juu yake, wakati mwingine juu sana. Kwa hiyo mishipi miwili iliyoandikwa kilo 15 inaweza kutofautiana sana. Milimita husema ukweli zaidi kuhusu kitu unachokihitaji kwa kambare, yaani ni mwili kiasi gani uliopo wa kusuguliwa kabla ya kuisha. Ukikutana na lebo ya ratili, gawanya kwa mbili na upunguze kidogo: ratili 30 ni kilo 13.6, ratili 50 ni kilo 22.7.

Kwenye bwawa lisilo na vikwazo, kambare wa kilo moja hadi tatu, nailoni ya milimita 0.35 inatosha. Kwa mto wa kawaida wenye magogo, ambako huwezi kujua kama atakayekula ni wa kilo mbili au kumi, tumia 0.45 hadi 0.50. Ningelazimishwa kubaki na mshipi mmoja tu kwa kambare wa kila aina, ningechukua nailoni ya 0.45. Pale ambapo kambare wakubwa wa kupita kilo 20 wanajulikana kuwapo, panda hadi 0.60, au tumia wa kusukwa wa milimita 0.35 hadi 0.40 wenye kipande kirefu cha nailoni mbele.

Usipande unene bila hesabu ya rili. Nafasi inayochukuliwa na mshipi huongezeka kwa mraba wa unene wake: rili inayobeba mita 200 za 0.35 itabeba mita 100 hivi tu za 0.50. Kambare mkubwa anayeshuka na mkondo anaweza kuzimaliza hizo.

Anayevua kwa mkono bila fimbo wala rili yuko katika hali tofauti, kwa kuwa mkono wake ndio breki. Achukue mshipi wa milimita 0.80 hadi 1.0, si kwa ajili ya samaki tu bali kwa ajili ya viganja. Na asiuzungushe mkononi kamwe.

Kipande cha mbele

Hapa ndipo mshipi wa kambare unapookolewa. Mshipi mkuu unaweza kuwa wa wastani. Kile kipande kinachogusa mdomo, mwiba na mawe ndicho kinachopaswa kuwa kinene.

Mpangilio ninaouamini ni huu. Kwanza funga mita moja na nusu hivi ya nailoni ya 0.60 hadi 0.70 mwishoni mwa mshipi mkuu. Juu ya kipande hicho ingiza chubwi yenye tundu, iteleze huru, kisha ushanga wa plastiki au wa mpira, kisha funga swiveli, kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka. Ushanga si pambo: bila huo, chubwi inaligonga fundo la swiveli kila unaporusha, na baada ya mirusho kadhaa fundo linakuwa limepondeka. Upande wa pili wa swiveli funga kipande cha ndoano, nailoni ya 0.70 hadi 0.90, urefu wa sentimita 40 hadi 60.

Kwa nini vipande viwili? Kile cha ndoano kinakabili vijino, nacho hubadilishwa mara kwa mara. Kile cha juu kinakabili mwiba na ubavu wa samaki anapojibiringisha, pamoja na mawe ya chini. Ukiweka kipande cha ndoano kifupi peke yake, kambare wa mita moja akijizungusha mara moja tu, mwiba wake tayari uko juu ya mshipi wako mkuu. Ukikirefusha kipande cha ndoano hadi mita moja na zaidi ili kuepuka hilo, chambo huzurura, kambare anameza mpaka tumboni, na mrusho unajisokota.

Waya hauhitajiki kwa kambare. Utumie tu kama maji yale yale yana samaki wenye meno ya kukata.

Anayerusha chubwi nzito kwa mshipi mwembamba aangalie pia mshtuko wa mrusho wenyewe. Kanuni ya wavuvi wa pwani inafaa hapa: kwa kila gramu 28 za chubwi, kipande cha mbele kiwe na nguvu ya kilo 4.5. Chubwi ya gramu 110 inataka kilo 18. Kwa mrusho wa nguvu kipande hicho kirefushwe hadi kiizunguke spuli (gurudumu la rili linalobeba mshipi) mara chache wakati chubwi inaning'inia tayari kurushwa, na kiungwe kwa fundo linalopita kwenye pete, si kwa swiveli.

Mafundo

Fundo la kawaida, lile linalojifunga lenyewe upepo ukivuruga mshipi, huweza kuondoa nusu ya nguvu. Ukiliona, kata. Usilifungue na kuendelea, kwa sababu mahali lilipokaa pameshavunjika ndani.

Kwa nailoni ya wastani: pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi mara tano, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu kabisa na tundu, halafu ipitishe kwenye kile kitanzi kikubwa kilichojitokeza sasa hivi. Lowesha. Vuta taratibu mpaka mizunguko ilale moja kando ya nyingine bila kupandana. Nailoni ya 0.70 kwenda juu haifungiki vizuri kwa mizunguko mitano. Fanya mitatu au minne, vinginevyo fundo litaonekana limekaza kumbe bado lina nafasi ndani, na nafasi hiyo ndiyo inayojifunga kwa ghafla samaki akivuta.

Kwa mshipi wa kusukwa, tumia fundo la Palomar. Ukunje mshipi uwe mara mbili kwa kiasi cha sentimita 15, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano au swiveli, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha ingiza ndoano nzima ndani ya kitanzi. Lowesha na uvute ncha zote pamoja.

Kuunganisha wa kusukwa na nailoni: laza ncha mbili zikipishana kwa sentimita 20. Ncha ya kusukwa itengenezee kitanzi, izungushe ndani ya kitanzi hicho mara saba au nane ikiushika wa nailoni, kaza kiasi. Fanya hivyo upande wa nailoni mara nne. Lowesha, kisha vuta mishipi miwili mikuu hadi mafundo yagongane.

Neno "lowesha" limejirudia kwa makusudi. Fundo kavu likivutwa huzaa joto la msuguano, na plastiki hizi huharibika kwa joto. Weupe unaouona juu ya fundo lililokazwa kavu ni jeraha. Likate.

Kujaza rili

Jaza mpaka ibaki milimita mbili au tatu kufika ukingo wa spuli. Mshipi wa kusukwa hauwezi kushika chuma laini. Utazunguka wote kwa pamoja juu ya spuli, nawe utadhani breki imekufa. Weka mita chache za nailoni chini yake. Uzungushe ukiwa umebanwa kwa kitambaa chenye maji, kwa mkazo wa kweli, kwa sababu wa kusukwa uliolegea hujichimbia ndani ya mizunguko ya chini samaki akivuta, ukanasa, na kukatika kana kwamba breki imefungwa kabisa.

Breki

Mshipi wa kilo 12 ukiwa umelowa na una fundo zuri, hesabu una kilo tisa au kumi. Breki iweke kilo tatu. Hiyo ni robo hivi ya kilichoandikwa, na watu huiona ni ndogo mpaka waijaribu kwa mkono: vuta kilo tatu kwenye mizani na utaona ni nguvu nyingi.

Usikadirie kwa vidole. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, elekeza fimbo kwenye mizani, mwenzako arudi nyuma polepole, nawe usome namba wakati spuli inazunguka kwa ulaini. Fimbo ikipinda, msuguano kwenye pete huongeza kidogo juu ya namba hiyo, ndiyo sababu nyingine ya kuacha nafasi.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalokata mishipi mingi ya kambare wakubwa. Breki uliyoiweka spuli ikiwa imejaa haibaki ileile mshipi ukienda. Kadiri mshipi unavyotoka, duara la spuli linapungua, na nguvu inayohitajika kuizungusha inaongezeka. Spuli iliyojaa yenye kipenyo cha sentimita sita ikishuka hadi nne, kilo tatu zako zimekuwa nne na nusu bila wewe kugusa kitu. Ongeza mita nyingi za mshipi zinazokokotwa majini. Mtu akiona samaki anaenda mbali anabana breki, kumbe anapaswa kuilegeza.

Anapokaribia

Karibu na ufukwe mambo yanageuka. Mita 50 za nailoni zina mvutiko wa kumeza mshtuko. Mita tatu hazina. Kambare akiona mwanga au wavu hupiga mkia na kushuka moja kwa moja chini. Legeza breki kidogo anapoonekana, weka fimbo kwenye pembe ya wastani bila kuisimamisha wima, na umwache ashuke mara mbili, tatu. Akijibiringisha, punguza mvuto ili mshipi ufunguke wenyewe badala ya kukazwa juu ya mwiba.

Ingiza wavu majini kabla hajafika, umlete juu ya wavu, kichwa kwanza, kisha inua wavu. Usimnyanyue kwa mshipi hata kama ni mdogo: uzito aliobebewa na maji unarudi wote mara anapotoka, juu ya mshipi uliokwisha kusuguliwa.

Ukikwama chini

Fimbo isitumike kuvutia. Elekeza kwenye mshipi, zungusha mshipi kwenye kijiti kinene na urudi nyuma. Wa kusukwa hukata kidole hadi mfupani. Ukijua mahali pana mawe mengi, ifunge chubwi kwa kipande kifupi cha nailoni ya 0.25 kinachoning'inia kutoka kwenye swiveli nyingine inayoteleza juu ya kipande cha juu: ikinasa, itakatika hiyo peke yake, na samaki abaki wako.

Baada ya kila samaki

Pitisha kipande cha mbele katikati ya kucha na kidole, kisha midomoni. Midomo huhisi mikwaruzo ambayo vidole havihisi. Kipande cha ndoano kibadilishe baada ya kila kambare wa kilo tano kwenda juu hata kama kinaonekana kizima. Mshipi mkuu wa nailoni ukate mita mbili za mwisho kila siku ya kuvua inapoisha, na uubadilishe wote mara moja kwa msimu, mapema zaidi ukivua juani kila wiki. Wa kusukwa unakaa miaka. Upande mmoja ukichakaa, ugeuze kwenye spuli na utumie upande uliokuwa ndani.

Vipande unavyokata usiviache ufukweni. Nailoni hudumu miaka mingi sana bila kuoza, na ndege na kobe hunaswa miguu humo. Vikate vifupi vifupi, vitie kwenye chupa yenye kifuniko, uondoke navyo.